Mlango wa Chumba cha Upasuaji Usifungwe



Kila yanapotangazwa maradhi ya kuambukiza, maagizo ya kwanza tunayoyasikia kanisani na redioni huwa ni yale yale: tunawe mikono, tusisalimiane kwa kushikana, tusikusanyike bila sababu, tusiguse maiti. Maagizo hayo ni mema, na ukurasa huu hauchoki kuyakumbusha. Lakini wako wagonjwa wasiotajwa katika matangazo hayo. Yuko kijana ambaye kidole tumbo chake kimeanza kuvimba usiku huo huo. Yuko mzee ambaye ngiri yake imenasa na hairudi tena ndani. Yuko mtoto aliyeugua homa ya matumbo kwa wiki mbili tatu, na sasa utumbo wake umetoboka. Maradhi ya tumbo hayangoji mlipuko uishe. Hawa waende wapi?

Wako wanaojibu kwamba wakati wa hatari hospitali ifunge chumba cha upasuaji ili iokoe wauguzi wake. Wako na wengine, hasa sisi watu wa dini, wanaojibu kwamba mganga mwenye imani haogopi, aingie tu, Mungu atamlinda. Kwa maoni yangu majibu yote mawili ni mabaya. La kwanza linamwacha mgonjwa afe mlangoni. La pili linamwua mganga, na baada ya mganga linawaua wagonjwa waliomtegemea. Upasuaji wa tumbo unaweza kuendelea kwa usalama wakati wa mlipuko, na umekwisha kufanyika hivyo mahali pengi. Lakini maandalizi yake hufanyika kabla, na sehemu ya maandalizi hayo iko mikononi mwa familia zetu za parokia.

YALIYOTOKEA KIKWIT

Nitaeleza kwa urefu kidogo habari za Kikwit, kwa sababu zinatuhusu sisi Wakatoliki kwa namna ya pekee, na kwa sababu vijana wengi hawazijui.

Kikwit ni mji wa Kongo, nchi ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Aprili 1995 aliletwa katika Hospitali Kuu ya mji huo mfanyakazi wa maabara mwenye homa na tumbo lililovimba. Waganga walidhani kwamba ni homa ya matumbo iliyomtoboa utumbo. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga hata kidogo. Katika nchi zetu homa ya matumbo ni ya kawaida, na utumbo ukitoboka dawa ni moja tu: kufungua tumbo, kuziba tundu na kuosha uchafu ulioenea ndani. Anayechelewesha upasuaji huo anamwua mgonjwa. Basi wakamfungua. Hakupata nafuu, wakamfungua tena, wakakuta damu ndani ya tumbo. Ilikuwa Ebola.

Siku chache baadaye waliomhudumia walianza kuugua mmoja baada ya mwingine: waliompasua, waliompa nusu kaputi, waliomfunga vidonda na kumwogesha kitandani. Sista Floralba Rondi, muuguzi wa siku nyingi katika chumba cha upasuaji, alifariki tarehe 25 Aprili 1995. Alikuwa wa Shirika la Masista wa Maskini la Bergamo, Italia. Masista wenzake walimwuguza, nao wakaambukizwa. Hadi mwisho wa mwezi Mei walikuwa wamekufa sita: Floralba, Clarangela, Danielangela, Dinarosa, Annelvira na Vitarosa. Katika mlipuko ule waliougua walikuwa watu 315, na wapatao 250 kati yao walikufa. Wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa 80, yaani mmoja katika kila wagonjwa wanne.

Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alithibitisha kwamba masista hao sita waliishi fadhila za Kikristu kwa kiwango cha kishujaa. Nashukuru kwa hilo. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya habari. Hospitali ile haikuwa na maji ya bomba ya kutegemewa, glavu hazikutosha, gauni hazikutosha, na vitu vilevile vilitumika kwa mgonjwa huyu na yule. Glavu, gauni na barakoa zilipoletwa, na wauguzi wakafundishwa kuzivaa na kuzivua ipasavyo, maambukizi kwa wahudumu yalikaribia kukoma kabisa. Ugonjwa ulikuwa ule ule na wagonjwa walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa kati ya ngozi ya muuguzi na damu ya mgonjwa.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba upasuaji ndio uliowaua. Waliuawa na upasuaji wa mikono mitupu. Msamaria Mwema alikuwa na mafuta, divai, punda na fedha za kumlipa mwenye nyumba ya wageni; hakuenda njiani na huruma peke yake.

KWA NINI TUMBO NDILO LINALODANGANYA

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nasisitiza tumbo, siyo mguu uliovunjika. Sababu ni kwamba maradhi haya ya milipuko hupenda kuanza kwa dalili za tumbo. Ebola na Marburg huanza kwa homa, uchovu na kichwa kuuma, halafu huja maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha. Mganga aliyechoka, saa nane za usiku, anaona mgonjwa mwenye homa na tumbo linalouma: ni kidole tumbo? Ni homa ya matumbo? Ni malaria? Au ni lile ambalo hakuna anayependa kulitaja? Hata ugonjwa wa Corona uliwapata watu wengine kwa kuharisha na kutapika kabla ya kikohozi.

Na kipimo hakimalizi wasiwasi mara moja. Kipimo cha damu cha Ebola kikichukuliwa mapema, kabla hazijapita siku tatu tangu dalili kuanza, kinaweza kusema hapana wakati ugonjwa upo; inabidi kirudiwe. Lakini utumbo uliokazwa ndani ya ngiri hukosa damu, na ndani ya saa chache huanza kufa. Huwezi kumwambia mzee wa ngiri angoje siku tatu.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, na hapo ndipo Ukimwi ulipotufundisha jambo kubwa.

SOMO LA UKIMWI

Dokta Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada, alifanya kazi pamoja na mumewe, Dokta Piero Corti, katika hospitali ya misheni ya Lacor, Gulu, Uganda, tangu mwaka 1961. Wakati wa vita alipasua majeruhi wengi, na vipande vya mifupa iliyovunjwa kwa risasi vilipasua glavu zake na kumkata. Mwaka 1985 akajulikana kuwa ameambukizwa virusi vya Ukimwi. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1996.

Ukimwi ni janga la dunia nzima, na miaka ile haukuwa na dawa. Je, tulifunga vyumba vya upasuaji? La hasha! Wakina mama waliendelea kupasuliwa wapate watoto, na ngiri ziliendelea kushonwa. Kilichofanyika ni kubadili kanuni. Zamani muuguzi alijihadhari na yule mgonjwa aliyetiliwa shaka. Baada ya Ukimwi kanuni ikawa hii: damu ya kila mtu, awe askofu, awe mtoto mchanga, ihesabiwe kuwa ina maambukizi. Kanuni hiyo haimtukani mtu yeyote, na haingoji kipimo. Inamlinda muuguzi hata dhidi ya ugonjwa ambao haujapewa jina. Kama ingalishikwa Kikwit, pamoja na vifaa vyake, yule mfanyakazi wa maabara angalipasuliwa na Sista Floralba pengine angaliishi.

Siku hizi muuguzi akijichoma sindano yenye damu hupewa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, mradi aanze kabla ya saa 72 kupita. Kwa Marburg hakuna dawa ya namna hiyo iliyozoeleka hospitalini. Huko kinga ni glavu.

CORONA ILIVYOTIKISA WENYE NAVYO

Wengine watasema hayo ni matatizo ya nchi maskini. Sivyo. Mwaka 2020 Corona ilipoenea duniani, hospitali za Ulaya na Marekani zenye kila kitu zilisimamisha upasuaji kwa wingi. Watafiti walikadiria kwamba katika wiki 12 za kilele cha msukosuko ule, upasuaji zaidi ya milioni 28 duniani ungeahirishwa au kufutwa.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Walipochunguza wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24, waliopasuliwa wakiwa wameambukizwa Corona karibu na siku ya upasuaji, waliona kwamba karibu robo yao walikufa ndani ya siku 30, na nusu walipata matatizo ya mapafu. Wengi katika hesabu hiyo walikuwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, na wazee ndio walioumia zaidi. Baadaye uchunguzi mkubwa zaidi, wa watu zaidi ya 140,000, ulionyesha kwamba aliyeugua Corona ni afadhali angoje wiki 7 kabla ya kupasuliwa, kama ugonjwa wake unaruhusu kungoja. Chanjo zilipoenea, muda huo ulifupishwa kwa wasio na hatari kubwa.

Neno kubwa hapo ni “kama unaruhusu kungoja”. Ngiri laini isiyouma, inayorudi ndani unapolala, inangoja. Mawe ya kwenye nyongo yasiyosumbua yanangoja. Lakini kungoja si kusahauliwa. Wakati wa Corona vipimo vya kumezesha mpira wenye kamera navyo vilipunguzwa mahali pengi, kwa kuwa mgonjwa hukohoa usoni pa mpimaji. Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtu anayekwamwa na ugali kooni, akaambiwa arudi corona ikiisha, huenda asirudi. Hospitali inayoahirisha lazima iandike jina, ipange tarehe na kumtafuta mtu huyo. Daftari la wanaongojea ni kifaa cha tiba kama kilivyo kisu.

Kuhusu kidole tumbo, waganga wengi wa Ulaya wakati ule walijaribu kutibu kwa antibiotiki badala ya kisu. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba njia hiyo inafaa kwa wengi, ila karibu watatu katika kila kumi waliotibiwa hivyo walilazimika kupasuliwa ndani ya siku 90. Mtu anayekaa mtaa wa pili kutoka hospitali anaweza kukubali bahati nasibu hiyo. Anayekaa ng'ambo ya mto, mahali ambapo masika hukata barabara, afikiri mara mbili pamoja na mganga wake.

USALAMA UNAFANANA NA NINI

Chumba salama cha upasuaji wakati wa mlipuko hakihitaji maajabu. Mgonjwa anaulizwa maswali na kupimwa joto langoni, siyo akiwa tayari kitandani. Wagonjwa wenye shaka wanapita njia yao. Ndani wanabaki wachache wanaohitajika. Wanafunzi na watazamaji wanatoka. Wanaogusa damu wanavaa jozi mbili za glavu, moja juu ya nyingine, aproni ya plastiki, mabuti, na kioo cha kufunika uso. Kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono, kinawekwa kwenye kisahani na mwingine anakichukua hapo. Panapowezekana ngiri hushonwa kwa ganzi ya mahali penyewe au ya mgongo, mgonjwa asiingizwe mpira wa hewa kooni, maana wakati huo ndipo maradhi ya njia ya hewa huruka. Baadaye sakafu huoshwa kwa maji ya klorini, na anayeiosha naye apewe glavu nene na mabuti. Mfagiaji husahaulika daima, na mfagiaji hufa kama mpasuaji.

Hesabu ndogo: watu watatu wanaosimama mezani, jozi mbili kila mmoja, ni jozi 6. Utumbo ukiwa umetoboka kuna kubadilisha glavu katikati ya kazi, na nyingine hupasuka, basi sema jozi 12. Ongeza za mtoa nusu kaputi, za wanaombeba mgonjwa na za msafishaji. Upasuaji mmoja unakula jozi 20 kwa urahisi. Kisha tunasikia ndugu wa mgonjwa wakitumwa dukani kununua jozi mbili. Desturi hiyo ni ya aibu siku za kawaida, na siku za mlipuko ni hatari kwa kila mtu aliye katika jengo.

Tusidhani mambo haya yako mbali. Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, wakaugua watu 9 na kufa 6. Ikarudi mkoani humo, wilayani Biharamulo, Januari 2025, na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikufa. Jirani zetu wa Rwanda waliipata Septemba 2024: wagonjwa 66, waliokufa 15, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya wenyewe.

UKWELI LANGONI

Sasa nageukia familia. Mgonjwa anapofikishwa hospitalini huulizwa: Umesafiri wapi? Umehudhuria mazishi? Nani mwingine anaumwa nyumbani? Baba wa familia anajibu haraka: hakuna, hapana, hatujatoka. Anaogopa kwamba akisema shangazi alizikwa juzi naye alitapika damu, mgonjwa wake ataachwa nje juani. Na mara nyingine hofu yake ni ya kweli. Katika mlipuko wa Kivu wa mwaka 2018 hadi 2020, huko Beni na Butembo, ambako ndugu zetu husema Kiswahili kama sisi, watu wengi waliambukizwa ndani ya zahanati na hospitali, na wengi walificha safari na misiba yao. Waliokufa katika mlipuko ule walikuwa zaidi ya 2,200.

Hapa simlaumu baba wa familia peke yake. Hospitali inayomfukuza msema kweli inawafundisha watu uongo. Mganga mkuu atangaze waziwazi, kanisani ikibidi, kwamba anayesema kweli atapokelewa mahali pake, atawekewa dripu, atapewa dawa, na kama tumbo linataka kisu atapasuliwa na watu waliovaa ipasavyo. Ahadi hiyo itimizwe mara mbili tatu, na watu wataona. Mkristu anayejua hayo, kisha akaficha, hapo anabeba dhambi ya kuhatarisha maisha ya muuguzi.

Nyumbani, mzazi akumbuke dalili zisizongoja hata wakati wa mlipuko: ngiri iliyokuwa laini ikawa ngumu na kuuma, kutapika huku choo na hewa havipiti, maumivu yaliyoanza kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, tumbo gumu kama ubao. Asikande tumbo hilo, asimpe mgonjwa dawa ya kuharisha, asimlishe. Aende, na avae barakoa, na aseme kweli.

SANDUKU LA PAROKIA

Tunajenga makanisa mazuri, na hiyo ni sifa kwa Mungu. Naomba halmashauri za walei, WAWATA na jumuiya ndogo ndogo zifikirie jambo dogo kuliko mnara wa kengele. Tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Sadaka ya pili ya siku hiyo inunue sanduku la chumba cha upasuaji kwa ajili ya hospitali ya jirani, iwe ya misheni au ya serikali: glavu za upasuaji, aproni, barakoa, vioo vya uso, mabuti, klorini. Sanduku lifungwe, na funguo akae nazo muuguzi mkuu wa chumba hicho, siyo paroko wala mweka hazina.

Fedha zake zisichanganywe na za ujenzi. Kila mwezi Januari wajumbe wawili wa kamati ya afya waende kulifungua pamoja na muuguzi huyo na kuhesabu vilivyomo, kwa maana glavu huoza kwa joto na klorini hupoteza nguvu. Zilizokaribia mwisho wa muda wake zitumike wodini, mpya ziwekwe mahali pake, na hesabu isomwe kanisani Jumapili inayofuata.